Kujenga Bwawa la Zege Uani Msimu wa Kipupwe: Mwongozo kwa Mlaji wa Kilwa na Pwani ya Lindi

Bwawa la kuogelea nyumbani si jambo geni katika pwani ya Kilwa. Katika jumba la Husuni Kubwa, lililojengwa Kilwa Kisiwani na Sultani al-Hasan ibn Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, limo birika la pembe nane ambalo hadi leo wageni huonyeshwa kuwa ni birika la kuogea. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Birika lile lilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, bila ya kipande cha chuma ndani yake.

Mabwawa ya leo hujengwa kwa zege na nondo. Wapo wenye nyumba za wageni wanaoyajenga, wapo wastaafu, na wapo ndugu walio ng'ambo wanaotuma fedha ili kazi ifanyike wakiwa mbali. Kazi hii hugharimu akiba ya miaka mingi, na sehemu zake zilizo muhimu kuliko zote hufukiwa ndani ya wiki chache, mlaji asiweze kuziona tena. Kwa sababu hiyo tumeandaa mwongozo huu. Hatukusudii kumfanya msomaji kuwa fundi. Tunakusudia ajue ni lipi la kulitazama, wakati gani wa kulitazama, na fedha ya kulipa baada ya kulitazama. Mengi tuliyoyaeleza humu yanafaa pia kwa anayejenga tangi la zege la kuhifadhia maji ya mvua chini ya ardhi.

Kwa nini kipupwe

Mkoa wa Lindi una msimu mmoja mkubwa wa mvua, unaoanza kwa kawaida Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au Mei. Baada ya hapo huja kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, wakati ardhi imekauka, maji ya chini yamepungua na jua limepoa. Huu ndio wakati mwema wa kuchimba na kumwaga zege. Anayeanza Juni anaweza kumaliza kuta Julai, kulijaribu bwawa kwa maji Agosti au Septemba, na kukamilisha lipu, malumalu na uzio kabla ya Novemba.

Anayeanza Oktoba hujikuta na shimo wazi mvua zinapofika. Kingo hubomoka, nondo hushika kutu, na shimo hujaa maji yanayozaa mbu na kuhatarisha maisha ya watoto. Aidha, njia yenyewe ya kuleta vifaa huweza kukatika. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu ya Kusini katika Wilaya ya Kilwa, na magari ya mizigo yakakwama. Tunamshauri kila anayetaka kujenga asikilize utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya kutia saini mkataba, na ikiwa muda hautoshi, asubiri kipupwe kijacho. Kusubiri miezi minane ni nafuu kuliko kuchimba mara mbili.

Baridi yetu na baridi ya wengine

Siku hizi mafundi na wateja wengi hujifunza kwa kutazama video katika simu. Nyingi hutengenezwa katika nchi ambako joto la majira ya baridi hushuka chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, na huko zege hukawia mno kushika. Likishuka zaidi, maji yaliyomo katika zege bichi huganda na kulipasua. Ndiyo maana wajenzi wa huko hulifunika zege kwa mablanketi, huwasha majiko pembeni, na wengine huchanganya dawa za kuharakisha ushikaji.

Hapa nchini, baridi ya namna hiyo huweza kufika katika nyanda za juu kama Kitulo, Makete, ambako sakitu huonekana alfajiri za Juni na Julai. Pwani ya Lindi haifiki huko: hata usiku wa Julai joto kwa kawaida hubaki juu ya nyuzi 15, na zege hushika vizuri bila ya msaada wowote. Kwa hiyo, fundi akimwambia mlaji wa Kilwa Masoko au Lindi mjini kwamba kipupwe kinahitaji dawa ya kuharakisha zege, mlaji ana haki ya kuuliza sababu. Baadhi ya dawa hizo zina kloridi ya kalsiamu, ambayo ni aina ya chumvi. Ikitiwa katika zege lenye nondo, huharakisha kutu. Mteja huyo atakuwa amelipia kitu kisichohitajika, nacho kitamlia nondo zake.

Adui wa kipupwe ni upepo

Wengi hudhani kwamba, kwa kuwa jua la kipupwe ni la upole, zege halihitaji kumwagiliwa sana. Dhana hii ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Saruji haipati nguvu kwa kukauka kama udongo. Hupata nguvu kwa kuungana na maji. Maji yakitoweka mapema, muungano huo husimama, na zege hubaki dhaifu lenye nyufa nyembamba. Katika ukuta wa nyumba, nyufa hizo huenda zisilete madhara makubwa. Katika bwawa, kila ufa ni mlango wa maji.

Kipupwe ndicho kipindi ambacho upepo wa kusi huvuma kwa nguvu katika pwani yetu. Upepo huo hunyonya maji juu ya zege bichi haraka kuliko mtu anavyoweza kuhisi, kwa sababu mwili wake mwenyewe unaona ubaridi. Tunashauri yafuatayo yaandikwe katika mkataba:

1. Zege limwagwe asubuhi na mapema, kabla upepo haujashika nguvu, na sakafu imalizwe siku moja bila ya kukatizwa.

2. Mara tu sakafu inaposawazishwa, ifunikwe kwa karatasi ya nailoni au magunia yaliyoloweshwa, yakandamizwe pembeni ili upepo usiyapeperushe.

3. Kuta zifungwe magunia mara mbao zinapoondolewa, na zege lote libaki na unyevu usiku na mchana kwa siku zisizopungua 7. Kwa chombo cha kuhifadhi maji, siku 14 ni bora zaidi.

4. Atajwe mtu mwenye wajibu wa kumwagilia, na alipwe. Kazi isiyo na mwenyewe huachwa, hasa siku ya Ijumaa na Jumapili.

Zege huendelea kukomaa kwa wiki kadhaa, na wahandisi huhesabu siku 28 kuwa kipimo cha nguvu yake. Anayeharakishwa kujaza bwawa siku ya kumi akatae.

Maji yaliyo chini ya bwawa

Ardhi ya pwani yetu katika sehemu nyingi ni mwamba wa matumbawe wenye matundu au mchanga, na karibu na bahari maji ya visima hupanda na kushuka pamoja na bahari. Mwenye kiwanja ahakikishe kwanza kwamba maji hayo hayatafika kwenye bwawa lake. Njia ni rahisi: lichimbwe shimo dogo la majaribio, lenye kina kinachozidi kina cha bwawa kwa nusu mita, na litazamwe wakati wa bamvua, si wakati wa maji mafu. Likiweza kuchimbwa mwishoni mwa mvua, Aprili au Mei, ni bora zaidi, maana hapo ndipo maji ya chini huwa juu kabisa.

Sababu ya tahadhari hii inaeleweka kwa hesabu. Chukua bwawa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.4. Zege lake, likiwa na unene wa sentimita 20, ni kama mita za ujazo 13, nalo lina uzito wa tani 31 hivi. Maji ya chini yakipanda hadi ukingoni huku bwawa likiwa tupu, yatalisukuma juu kwa nguvu ya takriban tani 58. Bwawa litaelea kama mtumbwi, na litapasuka. Hivyo basi, bwawa lisiachwe tupu wakati wa masika, na mhandisi aamue kama sakafu inahitaji vali ya kupitisha maji ya chini. Mahali ambapo shimo la majaribio limejaa maji wakati wa bamvua, tunashauri bwawa liinuliwe juu ya ardhi au wazo hilo liachwe.

Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari pale zinapoweza kuathiri mazingira. Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri, nacho kiombwe kabla jembe halijagusa ardhi.

Mchanga, maji na saruji

Birika la Husuni Kubwa halikuwa na chuma, na kwa hiyo chumvi haikuwa na nondo ya kula. Bwawa la leo halina salama hiyo. Kutu inapoota juu ya nondo, nondo huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Dalili huonekana baada ya miaka michache, fundi akiwa ameshaondoka zamani.

Mchanga wa ufukweni usitumike hata kama umeletwa kwa bei ya chini. Uulizwe mchanga wa mtoni, nao uwe umechotwa juu ya mahali ambapo maji ya bahari hufika kwenye mto, na mchotaji awe na kibali. Mlaji aweza kupima usafi wake kwa kutia mchanga nusu ya chupa angavu, kuongeza maji, kutikisa na kuacha vitulie kwa saa kadhaa. Tabaka nene la matope juu ya mchanga ni ishara ya kuukataa. Jaribio hili huonyesha matope tu. Chumvi haionekani kwa macho, na ndiyo sababu asili ya mchanga iandikwe katika risiti. Maji ya kukorogea nayo yawe matamu. Maji ya kisima yanayokataliwa kwa kunywa kwa sababu ya chumvi yakataliwe pia kwa zege lenye nondo.

Kuhusu saruji, au simenti kama wengi wetu tunavyoiita, tunashauri ya daraja la 42.5 kwa kazi ya bwawa. Mfuko uwe na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, uwe haujafunguliwa, na tarehe ya kutengenezwa isizidi miezi mitatu. Hewa ya pwani ina unyevu. Saruji iliyoanza kuganda mabonge imepoteza nguvu, na kuyaponda mabonge hakuirudishii. Ghalani iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Uzito nao ni haki ya mnunuzi. Kwa mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 1.5 na kokoto 3, bwawa la mfano wetu litahitaji mifuko ipatayo 105 ya kilo 50. Kila mfuko ukipungua kilo 2, mnunuzi atakuwa amepoteza kilo 210, yaani mifuko minne na ushee, na zege lake litakuwa dhaifu bila ya yeye kujua. Mwenye shaka apime mifuko michache kabla ya kuishusha garini, na akikuta upungufu atoe taarifa kwa Wakala wa Vipimo.

Hesabu hiyo ina faida nyingine. Fundi akileta orodha ya mifuko 60 kwa bwawa la ukubwa huo, au mifuko 180, mlaji ana mahali pa kuanzia kuuliza. Vivyo hivyo kwa maji ya kukorogea: mfuko mmoja wa kilo 50 hauhitaji zaidi ya lita 25 hivi, pamoja na unyevu uliomo mchangani. Zege linalotiririka kama uji ni rahisi kumwaga, lakini maji ya ziada huacha vitundu yanapotoka.

Lipa baada ya kuona

Mkataba uandikwe, hata kama fundi ni jirani au shemeji. Mkandarasi athibitishwe katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na michoro ya nondo iandaliwe na mhandisi aliyesajiliwa. Malipo yagawanywe kwa hatua, na kila hatua iishe kwa kitu kinachoonekana kabla hakijafukiwa:

Hatua ya kwanza: shimo limechimbwa, limekauka, na chini pameshindiliwa.

Hatua ya pili: nondo zimefungwa kama mchoro unavyoonyesha, zikiwa zimeinuliwa kutoka ardhini kwa vipande vidogo vya zege ili zifunikwe kwa zege la sentimita 5 kila upande. Mabomba yamejazwa maji kwa shinikizo na hayavuji. Hatua hii ndiyo kubwa kuliko zote. Piga picha nyingi, kwa kuwa saa chache baadaye hakuna atakayeziona nondo hizo tena.

Hatua ya tatu: sakafu na kuta zimemwagwa na kushindiliwa kwa mashine ya mtetemo, maungio ya sakafu na ukuta yamewekewa utepe wa kuzuia maji, na siku za kumwagilia zimetimia.

Hatua ya nne: bwawa limejazwa maji na halivuji.

Hatua ya tano: lipu, malumalu na uzio vimekamilika.

Malipo ya awali yasizidi gharama ya hatua ya kwanza. Kiasi fulani, tuseme asilimia 10 ya fedha ya ufundi, kizuiliwe kwa makubaliano hadi mvua za kwanza zipite. Kila malipo yawe na risiti. Ndugu aliye Muscat au Dar es Salaam asitume fedha ya hatua inayofuata kabla ya kuona picha za hatua iliyotangulia, zenye tarehe, na ikiwezekana mhandisi mwingine, asiyekuwa wa mkandarasi, afike kukagua hatua ya pili.

Jaribio la maji

Bwawa lijaribiwe kabla ya lipu na malumalu, maana zikishawekwa huficha mahali panapovuja. Bwawa la mfano wetu huchukua lita 45,000 hivi, sawa na maboza matano ya lita 10,000 ambalo la mwisho halijai. Mkataba utaje nani anayanunua maji hayo. Ugomvi mwingi huanzia hapo. Lijazwe polepole, kisha liachwe siku tatu ili zege linywe maji yake.

Baada ya hapo, ndoo ijazwe maji ya bwawa na kuwekwa juu ya ngazi ya bwawa, ikikandamizwa kwa jiwe ndani, hadi maji ya ndani na ya nje yalingane. Wekeni alama pande zote mbili, na msubiri saa 24 zisizo na mvua. Upepo na jua hupunguza maji ya ndoo na ya bwawa kwa kiasi kinachokaribiana. Maji ya bwawa yakishuka zaidi ya yale ya ndoo, bwawa linavuja, na hatua ya nne haijatimia. Jaribio hili lifanyike mbele ya fundi, na matokeo yasainiwe na pande zote mbili.

Shimo ni hatari tangu siku ya kwanza

Watu wengi hufikiria uzio wakati bwawa limekamilika. Shimo tupu huvunja mguu. Shimo lenye maji ya mvua ya kimo cha goti humzamisha mtoto mdogo, tena kimyakimya. Uzio wa muda uwekwe siku ya kuchimba. Wa kudumu uwe na urefu usiopungua mita 1.2, usio na mahali pa kukanyagia, na lango linalojifunga lenyewe. Kazi ikisimama kwa kukosa fedha, shimo lifunikwe imara au lifukiwe.

Ukidhulumiwa

Hifadhi mkataba, risiti, picha, na mfuko mmoja mtupu wa saruji iliyotumika. Bidhaa bandia ziripotiwe kwa Tume ya Ushindani, na bidhaa zisizofikia viwango zipelekwe TBS. Malalamiko dhidi ya mkandarasi aliyesajiliwa hupokewa na bodi yake. Kwa mgogoro wa fedha na fundi asiyesajiliwa, mwandikie kwanza barua ukitaja kasoro na muda wa kuirekebisha, na nakala iende ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji. Asipotekeleza, shauri hupelekwa mahakamani, na barua hiyo itakuwa ushahidi wako.

Kipupwe humpa mjenzi wa pwani ardhi kavu na miezi mitatu ya utulivu. Mlaji anayetaka kufaidika nacho aanze maandalizi mapema: shimo la majaribio wakati mvua zinaisha, kibali na michoro mwezi Mei, na magunia ya kufunika zege yawepo kiwanjani kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa.